Kanali wa Kisanduku Kitupu

Jamhuri ya Tambarare haimo kwenye ramani yoyote, kwa kuwa Wizara ya Ramani bado inasubiri kibali cha Wizara ya Mipaka. Msomaji akiona mambo ya huko yanafanana na ya nchi anayoijua, asinilaumu mimi. Aende akawaulize wa kwao kwa nini wameiga.

Basi huko Tambarare walikuwako masajini wawili wa jeshi, Chambuso na Pazi, waliofanya kazi kwenye stoo ya sare katika kambi kuu. Waliandikishwa siku moja, wakalala kitanda cha kupandana, mmoja juu mmoja chini, na walipofika umri wa kuoa wakaoa nyumba moja: Chambuso alimwoa Tabu, na Pazi akamwoa Siwema, mdogo wake Tabu. Kwa miaka ishirini na miwili waligawa buti na mikanda pamoja, wakala chakula cha mchana sahani moja, na Chambuso hakuwahi kumwonea Pazi wivu hata kidogo. Pazi hakuwa na kitu chochote ambacho Chambuso hana. Nyumba zao kwenye kota za kambi zilikuwa na vyumba viwili viwili, vyeo vyao vilikuwa sawa, hata magoti yaliwauma msimu mmoja.

Watu wa Tambarare ni wa asili mbili, Watu wa Mto na Watu wa Nyanda. Zamani walitambulika kwa kuwatazama tu, lakini kwa kuwa wameoana miaka mia tatu, siku hizi hutambulika kwa kuulizwa. Vyama navyo ni viwili: Mwavuli, ambacho kinatawala, na Kinu, ambacho kimeahidi kikishinda kitatawala vivyo hivyo. Sheria inamkataza mwanajeshi kuwa na chama. Ni sheria nzuri sana. Imeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ukuta wa Wizara ya Ulinzi, chini kidogo ya bendera ya Mwavuli.

Mambo yalianzia bungeni. Mbunge mmoja wa Kinu alisimama akauliza kwa nini jeshi limejaa Watu wa Nyanda wenye mapenzi na Mwavuli. Waziri wa Uwiano, Mheshimiwa Dakta Stambuli Kilindo, alimjibu papo hapo kwa hotuba ya saa tatu, ambayo redio ya taifa iliirusha mara mbili kwa ajili ya walioipenda, na mara ya tatu kwa ajili ya wasioipenda.

"Jeshi ni kioo cha taifa!" alisema Mheshimiwa. "Raia akijitazama katika kioo hicho, ni lazima ajione. Asipojiona, serikali yenu sikivu haitasita kubadilisha kioo. Na kioo kikigoma, tutambadilisha raia!"

Wabunge wa pande zote walipiga meza kwa furaha. Wiki haikuisha, Tume ya Uwiano ikaundwa, na Ijumaa moja asubuhi ikaingia kambini ikiongozwa na Afisa Mpimaji, Bwana Mizambwa, mtu mwembamba wa suti ya kijivu ambaye hakucheka wala hakukasirika, kwa sababu vyote viwili havikuwamo kwenye mwongozo wake wa kazi.

Fomu ya Tume ilikuwa na maswali mawili tu. La kwanza lilihusu asili. Ili kuepuka upendeleo, Bwana Mizambwa hakumwuliza askari asili yake, bali alimpima. Alikuwa na kadi ya kuchagulia rangi za ukuta, ile inayotolewa bure kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, yenye vipande kumi vya rangi ya udongo. Aliiweka kwenye shavu la askari, akafunga jicho moja, akatazama. Kuanzia kipande cha kwanza hadi cha saba, wewe ni Mtu wa Nyanda. Kuanzia cha nane, wewe ni Mtu wa Mto.

Swali la pili lilisema hivi: "Kwa kuwa mwanajeshi haruhusiwi kuwa na chama, taja chama ambacho ungekuwa nacho kama ungeruhusiwa kuwa nacho, ili tuhakikishe kwamba huna."

Chambuso alikuwa mtu mwangalifu. Alisubiri zamu yake kwenye kivuli cha stoo, akapimwa akawa wa saba, na alipofika kwenye swali la pili alitazama bendera iliyokuwa nyuma ya Bwana Mizambwa, akasema kwa sauti ya wazi, "Mwavuli."

Pazi alichelewa. Asubuhi hiyo alikuwa ametumwa sokoni na mama yake, Bi Mgeni, kumtafutia kinu kipya cha kutwangia, cha zamani kilikuwa kimepasuka. Alikosa cha kumfaa, akarudi mbio, akaungana na mwisho wa foleni, juani. Hadi zamu yake inafika jua lilikuwa limemchoma saa nne nzima, na kadi ikasema nane.

"Swali la pili," alisema Bwana Mizambwa. "Una nini moyoni?"

"Kinu, mzee," alijibu Pazi, ambaye bado alikuwa anawaza atamwambia nini mama yake.

Bwana Mizambwa akaandika.

Matokeo yalitangazwa redioni. Watu wa Nyanda wa Mwavuli walikuwa elfu tisa mia nne na kumi na wawili. Wa Nyanda wa Kinu walikuwa wachache, wa Mto wa Mwavuli wachache zaidi. Katika kisanduku cha nne cha jedwali la Tume, cha Watu wa Mto wa Kinu, kulikuwa na mtu mmoja katika jeshi zima. Sajini Pazi, wa stoo ya sare.

Sasa haki ilidai kila kisanduku kiwe na mwakilishi katika kila ngazi ya jeshi. Na kwa kuwa kisanduku hiki kilikuwa na mtu mmoja, ilibidi mtu huyo apite katika ngazi zote. Jumatatu Pazi akawa luteni. Alhamisi akawa kapteni. Jumatatu iliyofuata alikuwa meja, na wiki ya tatu ilipokwisha alikuwa Kanali Pazi, mwenye gari, dereva, na nyumba ya vyumba vitano iliyoezekwa vigae vyekundu.

Na kila alipopanda cheo, ilimbidi aende stoo kupimwa sare mpya. Aliyempima alikuwa Chambuso.

"Ndugu yangu, mimi mwenyewe sielewi," alisema Pazi siku ya umeja, mikono ikiwa imenyooka pembeni na utepe ukimzunguka kifua. "Nimewaambia nilikuwa nazungumzia kinu cha mama. Wanasema jibu likishaandikwa haliwezi kufutwa."

"Inua mkono, afande," alisema Chambuso.

"Usiniite afande bwana, tuko wawili tu humu."

"Na huu mwingine, afande."

Alimpima vizuri, kwa sababu alikuwa fundi mzuri, lakini kila kitufe alichokikaza kwenye koti lile kilimbana yeye kifuani. Mwenzake alipotoka, Chambuso alifunga mlango wa stoo, akachukua koti lingine la umeja kwenye rafu, akalivaa. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyomkaa Pazi. Mabega ya Pazi yalikuwa yameteremka! Mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo.

Nyumbani hapakuwa na nafuu. Tabu alikuwa anampenda mdogo wake, kwa hiyo alimtembelea kila siku, na kila siku alirudi na habari.

"Siwema ana mapazia mapya," alisema siku moja akivua viatu. "Yale mazito, yanayofika mpaka chini. Halafu ananiambia, dada, chukua moja. Moja! Nikalifanyie nini pazia moja?"

"Ulikataa?"

"Nilikataa. Lakini nililishika kwanza."

Mchana wakati wa kula Chambuso alikuwa anakaa peke yake na sahani yake, na chakula ambacho miaka ishirini na miwili kilikuwa kinawatosha watu wawili sasa hakikumshibisha yeye mmoja. Jumapili moja Pazi aliwaalika wote wawili kwake. Alimpakulia Chambuso kwa mkono wake mwenyewe, akamchagulia vipande vizuri, akamwuliza habari za stoo kwa uchu wa mtu aliyekumbuka kwao. Chambuso alihesabu madirisha ya sebule. Yalikuwa sita. Aliona wema ule wote ni majivuno yaliyovaa nguo nyingine, akarudi kwake akamwambia Tabu kwamba wali ulikuwa mbichi.

Mwishowe akapata wazo. Aliomba kazi ya kuziba bati za paa la stoo, kazi ambayo kila askari huikimbia, akakaa juu ya paa siku nane, kofia mfukoni, uso juani. Siku ya tisa alikwenda kwa Bwana Mizambwa akaomba apimwe upya.

"Nane," alisema Bwana Mizambwa na jicho moja limefungwa. "Hongera. Na chama?"

"Nimetafakari upya. Ningekuwa Kinu."

"Umefaulu yote mawili. Lakini kisanduku kina mtu tayari, na bajeti ya mwaka huu ni ya kanali mmoja wa Mto-Kinu. Nafasi ikipatikana tutakuita."

"Inaweza kupatikana vipi?"

"Kwa njia ya kawaida," alisema Bwana Mizambwa. "Au ikithibitika kwamba aliyemo hakustahili kuwamo."

Chambuso alirudi stoo akakaa juu ya marobota ya mablanketi. Miaka mingi nyuma, walipokuwa makuruta, Pazi alimsimulia kutoka kitanda cha chini habari za bibi yake mzaa mama, Bi Sauda, aliyetoka Nyanda na kondoo wawili akaolewa huku. Hayo yalikuwa mazungumzo ya vijana wasiopata usingizi tu. Hakuna mtu mwingine kambini aliyeyajua. Saa sita na nusu mchana Chambuso alichukua karatasi, akaandika: "Mimi ni raia mwema nisiyependa jina langu litajwe." Saa saba kasorobo barua ilikuwa imekwisha. Alishangaa ilivyokuwa fupi.

Tume haikuchelewa. Ilikwenda mtaa wa Makorongo, nyumbani kwa Bi Mgeni, kumhakiki mama ili ijue la mtoto. Kwa kuwa Bwana Mizambwa hakutaka kukaa kwenye viti vya wanaohakikiwa, kambi ilitakiwa kutoa viti, na viti viko stoo, na mtu wa stoo alikuwa Chambuso. Ndivyo ilivyotokea kwamba alifika pale na viti viwili kichwani, majirani wote wakiwa wamejaa uani.

Bi Mgeni alikuwa na umri wa miaka themanini. Chambuso alipokuwa kuruta asiye na kwao karibu, ni huyu aliyekuwa anamlisha kila wikiendi, na akimpa kipande cha samaki humpa kikubwa kuliko cha Pazi, akisema mgeni ni yeye. Alipomwona uso wake uliangaza.

"Afadhali umekuja wewe, mwanangu Chambuso. Hebu waambie hawa mimi ni nani."

Chambuso aliweka viti chini, akaanza kuvifuta vumbi. Alifuta cha kwanza. Akafuta cha pili. Akarudi kufuta cha kwanza.

"Mama," alisema Bwana Mizambwa, "wewe ni Mtu wa Mto au wa Nyanda?"

"Mimi ni mama yake Pazi."

"Hilo ni jibu la swali jingine."

"Basi uliza hilo jingine, kwa sababu hili lako silijui."

Majirani walicheka. Bwana Mizambwa alimwomba avue ushungi. Bi Mgeni akasema hajawahi kuvua ushungi mbele ya wanaume wa mtaa, na hatavua. Mwongozo ukasomwa. Msaidizi wa Tume akamvua. Majirani wakageuza nyuso. Bibi kizee yule alisimama na mvi zake nje, mikono imeshika pande mbili za kanga, na Bwana Mizambwa akazungusha kadi usoni mwake kama anayetafuta mahali pa kuanzia kupaka. Paji la uso lilisema saba. Shavu likasema tisa. Shingo ikasema sita, na mikono, iliyoshika moto na maji miaka themanini, haikufanana na kipande chochote kwenye kadi.

"Haijulikani," aliandika Bwana Mizambwa.

Na kwa kuwa mama hakujulikana, mtoto wake naye hakujulikana, na kwa asiyejulikana jeshi la Tambarare halikuwa na kisanduku, wala cheo, wala nyumba. Kesho yake Pazi alikuja stoo kurudisha sare. Alizikunja vizuri, kuanzia za ukanali hadi za usajini.

"Hesabu vizuri vifungo," alimwambia Chambuso. "Usije ukaingia matatani kwa ajili yangu."

Chambuso alihesabu vifungo. Vilikuwa vyote. Pazi alisimama kidogo mlangoni kama anayesubiri kuambiwa neno, kisha akaondoka na suruali ya kiraia iliyokuwa fupi kidogo miguuni.

Tume ilikuwa imeshapata uzoefu, kwa hiyo Chambuso alifika ukanali kwa siku tisa tu. Alijipima sare mwenyewe. Yeye na Tabu walihamia nyumba ya vigae, na mapazia ya Siwema bado yalikuwa madirishani, kwa sababu Siwema aliondoka bila kuchukua kitu na bila kumuaga dada yake.

Furaha ya Chambuso ilidumu tangu Alhamisi hadi Jumanne ya pili. Jumanne hiyo dereva wake, wakiwa njiani, alisema bila kukusudia ubaya, "Kanali Pazi alikuwa anakaa hapa mbele na mimi." Chambuso alikuwa amekaa nyuma. Hapo akaanza tena. Akasikia watu wa Makorongo wanampelekea Pazi chakula kila siku, akajiuliza mbona yeye hakuna anayempelekea. Akasikia Pazi ameanza kushona viatu uani kwa mama yake na wateja wanakaa kuongea naye hata viatu vikiwa vimekwisha. Kwake hakukaa mtu. Waliokuja walisimama wima, wakapiga saluti, wakaondoka. Alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Pazi, ila Pazi alikuwa na kitu kingine tena, na hakikuwa kwenye orodha ya stoo.

Kisha ikaja vita. Tambarare na nchi jirani ziligombania bwawa la mpakani, ambalo nusu ya mwaka huwa na maji na nusu huwa na mbuzi. Mwezi wa kwanza walikufa askari arobaini na mmoja, na majina yao yakaandikwa kwenye Kitabu cha Mashujaa. Hapo ndipo bunge lilipochafuka. Wote arobaini na mmoja walikuwa Watu wa Nyanda wa Mwavuli, maana hao ndio waliokuwa wengi mstari wa mbele.

"Kwa nini watu wetu hawafi?" alilia yule mbunge wa Kinu, machozi yakimtoka. "Mwavuli mmejilimbikizia ikulu, mmejilimbikizia mahakama, na sasa mnajilimbikizia hata mashujaa! Wenzetu kila wiki wana mazishi ya kitaifa, sisi hatuna hata moja!"

"Wivu huo!" walipiga kelele wa Mwavuli. "Nanyi leteni wenu!"

Siku iliyofuata Chambuso aliitwa kwa Waziri wa Uwiano. Dakta Kilindo alimkaribisha kwa chai na kumwonyesha Kitabu cha Mashujaa, kilichokuwa na kurasa nne, moja kwa kila kisanduku.

"Unaona ukurasa huu, Kanali?"

"Hauna kitu, Mheshimiwa."

"Hauna kitu!" alisema Mheshimiwa kwa huzuni. "Na wewe ndiye Mto-Kinu pekee tuliye naye. Taifa linakutazama wewe."

"Mheshimiwa, mimi nina miaka ishirini na miwili stoo. Nimegawa buti tu, si bunduki."

"Hatukuombi upigane. Tunakuomba uwakilishe."

"Na kama ningeomba nirudi Mtu wa Nyanda? Jua limepungua siku hizi, nadhani nimesharudi saba."

Waziri alimwekea mkono begani. "Kanali, ukibadilika wewe, takwimu zote zitaanguka. Nani atakayeziinua?"

Chambuso alipelekwa bwawani. Akakaa kwenye handaki, na kila Jumatatu akaletewa barua ya Wizara yenye mstari mmoja: "Tafadhali tujulishe maendeleo ya kisanduku." Kila Jumatatu alijibu kwamba kisanduku bado ni kizima. Barua ya nne iliongeza neno "haraka".

Aliyekuwa naye handakini ni askari aliyeitwa Lugendo, mtu wa makamo, baba wa watoto wanne, aliyekaa cheo cha chini kabisa miaka kumi na minane kwa kuwa kisanduku chake kilifurika. Lugendo hakumuuliza Chambuso amefikaje ukanali. Alimchemshia chai, akamsimulia shamba lake la mihogo, na siku ya pili tu Chambuso alijikuta anaonea wivu lile shamba.

Asubuhi moja Lugendo alikwenda kuchota maji. Risasi ilikuwa moja tu. Chambuso alimvuta kwa mikono yake hadi ndani ya handaki, akakaa naye mpaka alipopoa.

Aliandika taarifa Wizarani. Jibu lilifika upesi: "Tunatoa pole. Hata hivyo kundi la marehemu limekwisha kujaza nafasi zake za ushujaa kwa mwaka huu. Marehemu atazingatiwa mwakani, endapo kutakuwa na upungufu." Maana yake ilikuwa kwamba mjane hatapata haki za mjane wa shujaa, na watoto wanne hawatasomeshwa.

Chambuso aliisoma barua hiyo mara mbili. Kisha akachukua fomu mpya ya Tume na kuijaza yeye mwenyewe kwa niaba ya marehemu. Asili: Mto. Chama ambacho angekuwa nacho: Kinu. Akaapa chini yake kwa sahihi na mhuri. Alifanya hivyo kwa ajili ya Lugendo, na alifanya hivyo kwa ajili ya ngozi yake mwenyewe. Kipi kilikuwa kingi, mimi sijui. Sidhani hata yeye alijua.

Nchi nzima ilifurahi. Kinu kilimzika Lugendo kwa bendera sabini na hotuba kumi na moja. Mjane wake, aliyeitwa Zamda, alikaa mstari wa mbele, akamwinamia Chambuso, aliyepewa ruhusa ya siku moja kuja mazikoni, akamnong'oneza, "Afande, hawa watu ni akina nani? Mume wangu hakuwa wa kwao."

"Watasomesha watoto," alisema Chambuso. "Nyamaza, shemeji. Waache wasomeshe."

Bwawa likakauka, vita ikaisha. Chambuso aliporudi kambini alikuta nyumba ya vigae imefungwa na Tabu amekaa nje juu ya masanduku. Bwana Mizambwa alikuwa amepiga hesabu zake: kwa mujibu wa sensa Mto-Kinu katika jeshi ni mmoja, na huyo ameshakufa, tena amezikwa mbele ya wabunge. Kwa hiyo aliyerudi hakuwa mtu wa jeshi. Alipojaribu kurudisha sare, mtu mpya wa stoo akakataa kuzipokea kutoka kwa asiyekuwa kwenye orodha.

Alikaa juu ya sanduku karibu na mkewe, nyota zikiwa bado mabegani, akamweleza habari ya ile barua ya raia mwema. Tabu hakushtuka.

"Nilijua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Siku ile ulikuwa umefurahi kabla habari haijafika." Akafunga kamba ya sanduku vizuri. "Mdogo wangu ana miezi mitano hajaniita dada. Nenda kaniletee mdogo wangu. Ukishindwa, usirudi hapa."

Alasiri hiyohiyo Chambuso alikwenda Makorongo kwa miguu. Pazi alikuwa uani, amekalia kigoda, kiatu cha mtu magotini, wateja watatu wakiongea naye. Walipoiona sare wakanyamaza. Siwema alikuwa anaanua nguo, akaingia ndani bila kumtazama.

"Karibu, afande," alisema Pazi.

"Usiniite afande, Pazi."

Pazi aliendelea kushona. Chambuso alikuwa amejiandalia maneno njia nzima: kuhusu uwiano, kuhusu ukweli ambao kila raia anapaswa kuufichua, kuhusu mambo ya serikali yalivyo magumu. Kabla hajaanza, Bi Mgeni akatoka mlangoni akijishika ukutani, ushungi umefungwa kwa pini mbili.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Chambuso. Nimekuja kusema kwamba barua iliyoileta Tume hapa niliiandika mimi."

Mkono wa Pazi ukasimama na sindano hewani. Bi Mgeni akauachia ukuta. Alikuja polepole mpaka mbele yake, akamtazama usoni kwa karibu sana, kwa sababu macho nayo yalikuwa yamechoka.

"Kwa nini?" aliuliza. "Nilikukosea nini?"

Chambuso alifungua kinywa atoe yale maneno yake, na hakulikuta hata moja.

"Wivu, mama," alisema.

"Sema kwa sauti. Sikio hili halisikii vizuri."

"Wivu, mama!"

Mlango wa nyumba ya pili ukafunguliwa, watu wakatoka barazani. Ng'ambo ya njia mama mmoja aliacha kuchuja tui, akasogea uzioni. Bi Mgeni akageuza kichwa, akaleta sikio jingine.

"Bado," alisema. "Hebu rudia."

Naye Kanali Chambuso wa Jeshi la Tambarare, akiwa amesimama wima na nyota zake zote mabegani, akavuta pumzi akarudia, na mara hii mtaa mzima ukasikia.